Hori Ambalo Sikutaka Lioshwe

Nyambura mwanangu,

Kesho ukifika kutoka kwa shangazi yako Wang'uru, utafungua lango na utasikia kimya kule bandani. Usikimbilie huko. Kuku hawapo tena, wote, na hawakuibwa. Ingia ndani, keti kwenye kiti changu ambacho siku zote nakukataza kukikalia, usome haya mpaka mwisho. Nimeyaweka juu ya sanduku lako makusudi, ili usilisukume chini ya kitanda kabla hujayaona.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho nilichofundishwa kukiandika shuleni. Kikuyu changu ni cha kusema na kugombeza, na leo sina haja ya kugombeza. Mwandiko umepinda, unisamehe. Unajua kidole changu hiki kimekataa kukunjika tangu nilipolazwa hospitali.

Sitakuambia habari ya kufunga mlango, wala ya marafiki, wala ya kula kabla ya kulala. Hayo mama yako amekuambia mwezi mzima, na kwa jinsi ninavyomjua, mengine amekushonea ndani ya mkoba. Mimi nataka tuongee habari ya Jumapili.

Jumapili tulipotoka kanisani ulisimama kando ya banda na viatu vyako vizuri, ukawatazama wale kuku waliokaa chini na magoti yamevimba, wasioweza kufika hata kwenye maji. Ukasema, "Baba, hiyo chuo itangoja. Nitawaandikia wanishikie nafasi. Wacha kwanza kuku wapone." Sikukujibu. Nilichukua ndoo nikaenda zangu kwenye pipa. Ulidhani nimekasirika. Hata mama yako alidhani hivyo, maana jioni aliniuliza, "Na wewe, mtoto amekukosea nini hata unamnyamazia hivyo?"

Sikukasirika, Nyambura. Nilifurahi. Furaha ilinijaa mpaka nikaogopa kugeuka usije ukaiona usoni. Nilijiambia, basi haendi. Nitaendelea kumsikia asubuhi akigombana na moshi jikoni, nitaendelea kumwita anishikie kuku nimtazame unyayo. Nilifurahi kama mtu aliyeokota kitu njiani na bado hajamwona mwenyewe akija.

Nilipokuwa nachota maji ndipo maneno yako yakanirudia. Wacha kwanza wapone. Nikasimama na ndoo mkononi nikijiuliza niliyasikia wapi, maana niliyajua vizuri kabisa. Yalikuwa yangu. Wewe ulikuwa hujazaliwa nilipoyasema, na niliyasema kwa sauti hiyohiyo ya mtoto mwema.

Umebeba jina la mama yangu, kama desturi yetu inavyotaka kwa binti wa kwanza, na ndiyo sababu tangu ulipokuwa ukinyonya nimekuita mama, hata siku nilizokuchapa. Wewe unamkumbuka nyanya yako kama kikongwe wa blanketi na ugoro. Mimi namkumbuka akipanda kutoka mtoni na mzigo wa kuni, ukanda kwenye paji la uso, akiimba. Alifiwa na mume katika miaka ile mibaya ya hali ya hatari. Tulipotoka kwenye kile kijiji cha mitaro walimotufungia Wazungu na kurudi hapa Tetu kwenye shamba lililokwisha kupimwa upya, mwanamume wa nyumba alikuwa ni mimi, na ndevu sina.

Uhuru ulipokuja nilikuwa nimekwisha kujua kwamba sitaki jembe. Nilitaka magari. Nilipenda hata harufu ya grisi. Rafiki yangu Mwangi, niliyetahiriwa naye, alifungua gereji pale Kenol, kwenye njia panda, akanipitia hapa siku moja na mikono yake myeusi. "Kuja tufanye hii kazi," akaniambia. "Lori haziishi pale, na zote zinaharibika."

Nikamwambia mama. Hakunikataza. Nataka hilo ulishike vizuri, kwa sababu kwa miaka mingi nimewaambia watu kwamba alinikataza, na hata wewe nimewahi kukuambia. Alisema tu, "Enda. Lakini wacha kwanza hii mguu yangu ipone." Alikuwa ameteleza kwenye ule mteremko wa mto. Mguu ukapona. Nikasema, wacha kwanza tuvune mahindi. Tukavuna. Wacha kwanza kahawa ipaliliwe. Ikapaliliwa, na magugu yakaota tena, maana magugu hayajawahi kumngojea mtu afunge safari. Mwisho Mwangi akatuma neno kwamba amemchukua kijana mwingine, tena mwenye haraka.

Siku hiyo nilimlaumu mama moyoni, na niliendelea kumlaumu mpaka tukamzika, na kidogo hata baadaye. Lakini mama hakunifunga. Nilikuwa na hofu. Niliiogopa Kenol, watu wasionijua, kuchekwa na matanboi wa malori kwa kutojua jina la spana. Nilikuwa nimepata sababu nzuri ya kubaki, yenye heshima, ambayo hakuna mzee wa kanisa angeweza kuilaumu, nikajifunika nayo mpaka kichwani. Mtu anayejificha nyuma ya mama yake mgonjwa, nani atamtoa?

Baada ya hapo ndipo nikaleta kuku.

Unajua walivyonicheka. Kwetu kuku ni wa akina mama na watoto, na mwanamume mzima akionekana na trei ya mayai watu humwuliza kama mke amesafiri. Pale Majengo, mjini Nyeri, mama yako alipokuwa akiyapeleka mayai kwenye vibanda karibu na msikiti, wanaume waliokaa kwenye benchi la fundi viatu walimwuliza, "Baba Mayai hajambo?" Sikujali. Au nilijali lakini nikanyamaza, maana wale kuku walikuwa wazuri. Walitaga. Mwaka ule kahawa ilipopanda bei na majirani wakanunua redio, mimi nilijenga banda la pili, nikanunua bomba la mpira, nikachonga lile hori refu la maji kwa mbao za muwati. Bomba lilitoka kwenye pipa mpaka kwenye hori, maji yakawa yanajiendea yenyewe. Nilikuwa nikiwaleta wageni walione kabla hawajapewa chai.

Sasa nikuambie habari ya hori lile, kwa sababu hapo ndipo nilipopotea, na nilipotea kwa njia ya mtoto wa nyanya yako.

Unakijua kile kibuyu chake cha uji, kinachoning'inia jikoni mpaka leo. Umekua ukiambiwa hakisuguliwi. Unamimina uji, unaacha masalio kidogo ndani, na yale masalio ndiyo yanayochachusha uji mpya. Akija mke mgeni akakisugua kwa jivu kikawa safi, uji wa kesho ni unga na maji tu. Mama yangu alikuwa akisema, "Chombo ikizoea kazi, wachana nayo." Nilimeza maneno hayo pamoja na uji wenyewe.

Basi baada ya miezi kadhaa, ndani ya hori pakaota utando. Ukipitisha kidole ulikuwa unateleza kama mlenda uliopikwa. Na kuku walikuwa wanataga vizuri! Mimi nikajumlisha mambo mawili nikapata ujinga mmoja. Nikasema hori limezoea kazi. Nikasema hiyo ndiyo chachu ya banda langu. Siku moja nikamkuta mama yako amelipindua, anasugua kwa jivu na gunzi la mahindi. Nilipiga kelele mpaka jirani yetu Gathogo akatokea kwenye ua.

"Unaosha bahati yetu!"

Mama yako akasimama na gunzi lake. "Ati bahati? Hii ni uchafu, Baba Nyambura. Hebu nusa."

Sikunusa. Nilimwambia uji wa mama yangu haujawahi kumwua mtu. Akaliweka gunzi chini, akanawa mikono, na tangu siku ile hajaligusa hori tena. Mimi nikadhani nimeshinda. Ushindi wa namna hiyo, mwanangu, ukiupata katika nyumba yako, tafadhali nusa.

Ugonjwa ulianza polepole. Kuku mmoja anachechemea, unadhani amejikwaa. Halafu wawili wamekaa chini kama wanaatamia na hakuna mayai. Unawainua, goti limevimba na lina moto, chini ya unyayo kuna kigaga cheusi na ndani yake uji mzito wa manjano. Nikaenda mjini Nyeri kwenye duka la dawa za mifugo, nikapewa unga wa kutia kwenye maji. Nikautia kwenye pipa, maji yakageuka rangi, kuku wakanywa, wakasimama. Nilimwita mama yako aone. Nilipoacha dawa, wakakaa. Nikatia tena, wakasimama wachache. Nikaacha, wakakaa zaidi ya mwanzo.

Hivyo ndivyo tulivyoishi, Nyambura, na wewe ulikua humohumo ukidhani ndivyo kuku walivyo. Nilikuwa siwezi kwenda popote. Arusi, mazishi, mkutano wa ukoo, nilituma mtu. Shangazi yako, dada yangu wa pekee, aliolewa Wang'uru kabla hujajua kutembea. Kila mavuno ya mpunga ananiletea maneno, "Mwambie aje alale hata siku moja, aone vile maji inatembea kwa shamba." Sijawahi kuiona nyumba yake. Si mbali. Wewe umekwenda na kurudi ukiwa na sare ya shule. Mimi nilikuwa na watu wenye manyoya wanaoningojea alfajiri, na nilipowachukia niliwahurumia, na nilipowahurumia nilitia dawa.

Halafu nikamtafuta mchawi, maana mtu akikwama hapendi kukwama peke yake. Nikasema ni Gathogo. Aliniona siku ile nikipiga kelele, ana jicho baya, alikuwa na wivu wa bomba langu. Nikaacha kumsalimia. Yeye aliendelea kunisalimia mimi, kila asubuhi, na kila asubuhi nilijifanya kuangalia kahawa.

Kidole unakijua. Nilikuwa nampasua kuku unyayo kwa wembe nimtoe ule uchafu, wembe ukateleza. Kidonda kidogo hata hakikustahili kitambaa. Baada ya siku chache mkono wote ulikuwa umevimba mpaka kwenye kiwiko, na nikaongea maneno ya homa ambayo mama yako hajakubali kunisimulia. Daktari wa hospitali aliniuliza kazi yangu, nikaona haya kusema kuku, nikasema mkulima. Ulikuja kuniona na chungwa, ukakaa kwenye ukingo wa kitanda ukautazama usaha kwenye bandeji bila kuona kinyaa, ukamwuliza nesi, "Hii ni kitu gani hasa iko ndani?" Nesi akakuambia wadudu. Ukauliza, "Wadudu gani?" Ulikuwa mdogo bado, lakini mimi nilikusikia.

Mwaka jana ndipo wewe ukamleta yule kijana daktari wa mifugo. Ulimfuata mpaka ofisini kwake mjini bila kuniambia, akaja na pikipiki iliyozima kwenye kila kona. Alipasua kuku mmoja, akachukua maji ya gotini. Halafu, bila mtu kumwambia, akapitisha kidole ndani ya hori, akakinusa. Nilimtazama mama yako. Mama yako alitazama mlima.

Akatutajia jina refu la wadudu wenyewe, ambalo wewe ulilishika papo hapo na mimi mpaka leo nalisema kwa kuruka katikati: stafilokokasi. Nikamwambia dawa nimetia miaka nenda miaka rudi. Akaketi juu ya ndoo akanieleza kwa upole.

"Mzee, dawa yako inaua zile ziko kwa maji. Zile zimeshika mbao ziko na nyumba yao. Zinatoa huu ute, zinajifunika nayo, zinakaa ndani. Dawa inapita juu tu."

"Basi tuongeze dawa."

"Ukiongeza unazifundisha kuizoea. Ukiacha, zingine zinatoka, zinaingia kwa maji tena, kuku anakunywa. Hii hori ndiyo inawarudishia ugonjwa."

Nilimwuliza afanyeje mtu. Akasema: mbao uchome, bomba utupe, kuku wote uwaondoe, banda upake chokaa likae tupu kwa muda, ndipo uanze upya ukitaka. Alisema "ukitaka". Hakuna mtu aliyewahi kunitajia kuku na kutaka katika sentensi moja.

Nikamjibu, "Wacha kwanza hawa wamalize kutaga."

Umeona? Nilisugua hori, ndiyo, siku hiyohiyo, mpaka mama yako akacheka kwa uchungu. Lakini mbao za muwati zina nyufa ambazo gunzi halifiki, na bomba ndani sikuligusa. Nilisugua juu nikaacha ndani. Wakapona kidogo. Mwaka huu wamekaa chini tena.

Wewe lakini siku ile ya daktari ulipanda nyuma ya pikipiki yake na chupa ya maji ya gotini mfukoni, ukaenda maabara, na jioni ulirudi si mtoto yule. Hukula. Ulisema, "Baba, wameniachia nikaangalia kwa hadubini. Wako wengi, wameshikana vile kahawa inashikana kwa tawi. Ni wazuri, Baba." Nikakuuliza mtu mwenye akili anaitaje wazuri vitu vilivyotaka kunikata mkono. Ukacheka. Nilikuona usoni, nikajua umekwisha kuondoka, imebaki kubeba sanduku tu. Barua ya chuo cha maabara ilipofika, mama yako alilia na kuku wakapiga kelele. Mimi niliuliza nauli ni kiasi gani, kama kawaida yangu, maana nikiwa na jambo zito nauliza jambo jepesi.

Kwa hiyo ugonjwa wa hawa kuku ndio uliokufungulia mlango, na Jumapili nilikaribia kuutumia kukufungia. Hilo ndilo limeninyima usingizi. Ningenyamaza tu. Nisingehitaji hata kusema "usiende". Ningeinama kidogo zaidi nikibeba ndoo, ningeshika mgongo mbele yako, na ungebaki. Ungebaki mpaka wapone, na hawaponi. Ungefika umri wa kutafutiwa mume hapo ng'ambo ya mto, na wazee wangekusifu, na siku moja ungenichukia bila kujua ni kwa nini, kama nilivyomchukia mama yangu.

Na tena nitasema jambo ambalo utakasirika. Nilikuona ukipanga lile sanduku na kulipangua. Nilikuona ukiuliza kama Nairobi kuna baridi, wewe uliyezaliwa kwenye baridi hii ya Tetu. Unaogopa, mama. Si kuku tu wanaokushika. Kuogopa si aibu. Aibu yangu haikuwa hofu, ilikuwa kuipa hofu jina la wema. Sikukatazi kusema "wacha kwanza" katika maisha yako. Kuna mambo ya kungojewa, uji usipochacha ukinywa ni kazi bure. Ila ukijisikia unaisema, na imetoka tamu, na kila mtu anakusifu, tazama nyuma yake kuna nini.

Ulipoondoka kwenda kumuaga shangazi yako, nilikwenda kwenye ua nikamwita Gathogo. Nilimwita kwa jina lake, mara ya kwanza tangu sijui lini. Nikamwambia mkono wangu hauwezi kuchimba shimo refu na nataka kuwaondoa kuku. Nilingoja aniulize mahali salamu zangu zilikuwa zimekwenda. Alisema, "Ngoja nitoe jembe." Alichimba siku nzima kule nyuma ya migomba, akala chakula cha mama yako, na tulipokuwa tumekaa ndipo nikamwambia kile nilichokuwa nikimwazia. Alicheka mpaka akakohoa. "Mimi? Niroge kuku? Si ningeroga ile kahawa yako kwanza, imevuka mpaka ikameza yangu."

Yule mnunuzi wa kuku kutoka Kenol alipita siku hiyohiyo. Akasema atawachukua hata waliolemaa, hoteli za njiani hazitazami miguu. Nilimfukuza, maana nimeona hayo maji ya gotini na nimeyabeba kwenye kidole changu. Lakini nilipokuwa namfukuza nilifikiri: kumbe kuku wangu nusura wafike Kenol kabla yangu.

Tuliwachinja wote leo mchana, mimi, mama yako na Gathogo. Wagonjwa na wazima, na wale waliokuwa bado wanataga. Hata yule wako mwenye shingo tupu. Najua utalia hapo. Alikuwa mzima, alinifuata mwenyewe akidhani nimebeba mahindi. Sikumwacha, kwa sababu nikimwacha hata mmoja nitakuwa nimeacha sababu, na mimi na wewe tunajua kuzilisha sababu mpaka zinenepe. Tuliwafukia kwa chokaa.

Kisha nikachoma hori. Mbao zililia kwa maji ziliyoyanywa miaka yote, zikatoa moshi mzito. Bomba nilikuwa nilitupe tu, halafu nikaona nilipasue kwanza kwa kisu nione. Ndani, kutoka mwanzo hadi mwisho, ule ute ulikuwa umelivaa, mnene, wa kijivu, unang'aa. Miaka yote ile nilimimina dawa ikapita katikati, safi, nami nikawa nangojea muujiza upande wa pili. Nilipitisha kidole changu hiki kisichokunjika. Kisha nikaketi chini nikalia, Nyambura, na Gathogo akageuka akaanza kukagua kahawa, kama mimi nilivyokuwa nikimfanyia yeye.

Usidhani nimekuwa mtu huru. Watu watakuambia hivyo, shangazi yako atakuambia hivyo, atasema sasa baba yako atakuja kuona mpunga. Jioni hii, baada ya kunawa, nilijikuta nimesimama mlangoni pa banda na ndoo ya maji imejaa. Miguu ilinipeleka yenyewe. Hakukuwa na mtu wa kumpa. Nikasimama pale muda, sikujua kuyamwaga wala kuyarudisha, mpaka mama yako akaja akanipokea ndoo. Nadhani kesho kutwa nitafanya vilevile. Mimi nimekaa sana. Kilichonishika hakiko kwenye mbao tu, wala sijui moto wake ni upi, na sitaki uache shule yako uje kunitafutia.

Kibuyu cha nyanya yako sijakigusa. Mama yako alinitazama nilipokuwa nachoma vitu, akadhani nitakitupa nacho. Nikamwambia hapana, uji ni uji na kuku ni kuku, kosa lilikuwa langu la kuvichanganya. Kimejaa. Kunywa kikombe kimoja kabla hujatoka, ule uchachu unaokufanya ufumbe jicho.

Ukimaliza kusoma, hutanikuta nyumbani. Mimi najijua. Nikikukuta hapa jikoni na sanduku, nitasema ngoja kidogo mvua ipite, hata kama jua linawaka. Nitauliza kama umekunja vizuri ile sweta. Nitakumbuka kuna mtu hujamuaga. Kwa hiyo nitatangulia barabarani, pale gari la mchana la Nairobi linaposimama, na mama yako atakusindikiza mpaka hapo. Yeye ana nguvu kuliko mimi, alikwisha kunionyesha na gunzi mkononi nikakataa kuona.

Ukinifikia, weka sanduku chini, fungua viganja vyako viwili, nikutemee mate ya baraka kama mama yangu alivyotutemea sisi. Hilo tu ndilo nililokujia. Baada ya hapo nikifungua mdomo kusema neno jingine lolote, liwe zuri namna gani, jifanye hukulisikia. Panda gari.

Ni mimi baba yako,
na kwa jina ulilolibeba, mwanao.